Gitaa Nje ya Dirisha

Niliachishwa bendi kwa sababu nilizaa. Hakuna aliyeniambia hivyo kwa mdomo wake. Vijana wa hapa Kakamega hawakufukuzi, wanaacha tu kukuita. Mimba ilipoanza kuonekana, kiongozi wetu, ambaye ndiye mpiga ngoma, aliniambia nikapumzike kwanza, nitarudi. Nikapumzika. Nikajifungua msichana. Msichana akaanza kukaa mwenyewe, akaota meno mawili ya chini, na bado hakuna aliyepita kwetu kuniambia mazoezi ni lini.

Siku moja natoka kliniki na mtoto mgongoni, nikaona tangazo kwenye ukuta karibu na posta, limeandikwa kwa kalamu nene nyekundu. Jumamosi saa nane mchana, ukumbini. Bendi tatu za roki na DJ mmoja. Bendi moja ya Mumias, moja ya Likuyani, na yetu. Na chini ya bendi yetu walikuwa wameandika jina la wimbo watakaofungua nao. Ulikuwa wimbo wangu. Niliutunga mimi, maneno na sauti, nikiwa kidato cha nne, na nikaurekebisha nikiwa na mimba, nimelala chali kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma.

Nilisimama pale mpaka mwanamke mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Niseme kidogo kuhusu roki, maana watu wengi hapa wakisikia roki wanafikiri ni mambo ya wazungu walevi. Sisi tuliijua shuleni. Kulikuwa na mwalimu wa kujitolea aliyekuja na kaseti zake, na alipoondoka akaziacha. Tulizisikiliza mpaka utepe ukachoka, ukaanza kuimba kama mtu mwenye mafua. Wale wa Mumias, ambao baba zao wanafanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, waliipata kivyao. Wale wa Likuyani pia kivyao, huko kwenye mashamba ya mahindi, na ndio waliokuwa na amplifaya ya kweli. Hakuna aliyekuwa na mdhamini. Hakuna kampuni iliyowahi kutuuliza tunaitwa nani. Ilibidi tujikusanye wenyewe, tukodishe ukumbi wenyewe, tubandike matangazo wenyewe.

Tatizo lilikuwa spika. Ukumbi ule ni mkubwa, na spika za kutosha alikuwa nazo mtu mmoja tu, DJ wa Navakholo anayepiga muziki kwenye matanga. Huyo hachagui. Anakupigia Lingala, halafu rege, halafu wimbo wa kanisa, halafu zile nyimbo za kizungu za wapanda farasi ambazo wazee wetu wanazipenda kuliko chochote, halafu isukuti, ngoma yetu ya hapa, aliyoirekodi mwenyewe harusini, na taarabu aliyopewa na Waislamu wa Mumias. Wote wanacheza. Vijana wa roki walimdharau, wakasema ni wa matanga. Lakini spika ni zake, kwa hiyo wakaandika jina lake kwenye tangazo, dogo, pembeni.

Nilienda moja kwa moja hadi kwa mpiga ngoma. Mchana huwa yuko kwenye kisiagi cha baba yake, anawasagia watu mahindi. Alikuwa mweupe wa unga hadi kwenye kope. Nilimkuta anamfungia mzee mmoja gunia, nikasubiri mzee aondoke.

"Mama Baby," akasema. "Umekuwa wa maana siku hizi. Hauonekaningi."

"Nani ataimba wimbo wangu?"

Akazima mashine ili apate muda wa kufikiri. Kelele ilipokufa kabisa akasema, "Tulikuwa tunafikiria nitajaribu mimi."

"Wewe unaimba kama mlango."

"Ni sawa. Lakini mlango haunyonyeshi."

Nilitaka kumrushia kibaba cha mahindi. Mtoto alikuwa amelala mgongoni, ndiyo sababu sikumrushia. Tulibishana pale mpaka wateja wakaanza kujaa mlangoni wakitusikiliza, na mwishowe akaona afadhali akubali kuliko aendelee kuaibika. Lakini akanipa masharti. Mtoto asionekane jukwaani. Mtoto asilie karibu na maikrofoni. Mtoto akilia, nitoke, yeye aimbe.

"Hii ni bendi ya roki," akasema. "Si kliniki."

Nikamwambia nimesikia.

Sasa, mtoto wangu alikuwa amekataa kikombe, kijiko, chupa, kila kitu. Alitaka ziwa tu, na alitaka ziwa anapotaka yeye. Kumwacha nyumbani mchana mzima isingewezekana. Kwa hiyo mtu angekuja naye ukumbini, akae naye mahali karibu, nimnyonyeshe nikipanda na nikishuka. Na mtu wa kufanya hivyo alikuwa mmoja, mama yangu.

Mama ni mwanamke wa kanisa na wa shamba. Tuna miwa kidogo na ndizi. Hapendi kelele. Nilimwambia jioni tukiwa jikoni, anasonga obusuma, ugali wetu, nikichagua wakati mikono yake ina kazi.

"Huko kuna nani?" akauliza.

"Vijana tu. Wanapiga gitaa."

"Na baba ya huyu mtoto?"

Nilijua lazima atafika hapo. Baba ya mtoto ndiye mpiga gitaa wa bendi yetu. Ni kijana mpole, anatengeneza redio mjini, anaongea kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. Ananipenda, sikatai, ingawa hata habari za onyesho hilo aliogopa kuniambia. Lakini alikuwa hajaja kwetu na wazee wake, hajaleta chochote, na kila nikimuuliza alikuwa anasema baba yake bado anapanga. Mimi nilikuwa nimechoka na mipango ya baba yake.

"Atakuwepo," nikasema.

"Basi siwezi kuja."

Watu wa mbali hawataelewa, kwa hiyo nieleze. Kwetu, mwanamke na mume wa binti yake hawaonani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Si uadui. Ni heshima, na mama yangu anaishika kama anavyoshika Biblia. Mara mbili amewahi kumwona huyo kijana kwa mbali sokoni, na mara zote mbili alirudi nyumbani bila chumvi aliyoendea.

"Mama, huyo si mkwe wako. Hajaleta hata kamba ya ng'ombe."

"Huyu mtoto aliye hapo mkekani ametoka wapi? Alinyeshwa na mvua?"

"Ametoka kwangu."

"Basi huyo ni mkwe."

Hilo ndilo lililonichoma. Kijana hakuwa ameleta kitu, na mama yangu alikuwa anamkimbia kwa heshima kama mtu aliyeleta ng'ombe zizi zima. Na gharama ya hiyo heshima ilikuwa nilipe mimi. Nikamwambia hivyo. Nilimwambia nimekaa ndani miezi yote hiyo, nimefua, nimelima, nimeonwa na kila mwanamke wa kanisa kama kitu kilichoharibika, na sasa kuna wimbo mmoja duniani ambao ni wangu, na utaimbwa na mtu anayeimba kama mlango.

Mama akaendelea kugeuza mwiko.

"Huo wimbo ni wa Mungu?"

"Hapana."

"Ni wa matusi?"

"Hapana. Ni wa msichana anayeambiwa kila mahali asimame hapo nje angojee."

Akapakua. "Nitafute mahali ambapo sitamwona," akasema. "Mahali pasipo na yeye kabisa. Na mtoto asikae na njaa kwa sababu ya gitaa."

Nilimweleza mpiga ngoma yote, na kusema haki, alijitahidi. Yeye mwenyewe ni mtu wa hapa, mila anazijua. Akasema atampa mama chumba chake pekee, chumba cha heshima, hakuna kijana atakayeingia. Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Jumamosi ilifika na jua la kuchoma, lile jua la asubuhi ambalo mtu wa Kakamega akiliona anaanua nguo mapema. Mama alivaa gauni lake la kanisa na kitambaa kichwani, akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akachukua leso ya pili mkononi. Tuliingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, na mpiga ngoma akatupeleka kwenye chumba chake cha heshima. Ilikuwa jikoni. Ukumbi una jiko la kupikia harusi, lina meza moja, masufuria makubwa ya kukaa mtu mzima, na mlango mmoja tu wa kutokea nyuma. Alikuwa amemwekea mama kiti chenye mto, na kikombe cha chai kimefunikwa kwa kisahani. Mama akafurahi. Hata mimi nilifurahi.

Huko ukumbini DJ alikuwa ameshaanza. Vijana walikuwa wamejaa, na pia watu ambao si vijana, kwa sababu wakisikia muziki wake wanajua watapata kitu. Aliwapigia rege, akawapigia wapanda farasi, akawapigia isukuti mpaka wazee wawili waliokuja kutafuta watoto wao wakasahau walichokuja kufanya. Halafu Mumias wakapanda, wakapiga kwa hasira na kwa haraka sana, wakashuka. DJ tena. Likuyani wakapanda. Hao walikuwa wazuri, nakubali, amplifaya ile ilikuwa inanguruma mpaka meno yanawasha. Mimi nilikuwa nakimbia kati ya jikoni na ukumbini. Mtoto alinyonya vizuri. Kila kitu kilikuwa sawa.

Ila hakuna aliyekuwa amefikiria kitu kimoja. Wanamuziki walikuwa wanabadilishia nguo wapi? Jikoni. Ndipo mifuko yao ilipokuwa, chini ya meza, tangu asubuhi. Mpiga ngoma alikuwa amewaonya Mumias na Likuyani wasiingie. Alimsahau mtu wa bendi yake mwenyewe, yule mmoja ambaye mambo yote haya yalikuwa yanamhusu, kwa sababu alidhani huyo anajua. Na mimi nilidhani mpiga ngoma amemwambia. Na yeye, baba ya mtoto wangu, alikuwa nje anafunga nyuzi mpya kwenye gitaa, hajui lolote.

Nilikuwa mlangoni alipoingia. Alikuwa amepatana na wale wa Mumias kwamba siku hiyo wapiga gitaa wote watakuwa kifua wazi. Kwa hiyo alikuwa kifua wazi, amejichora mistari ya mkaa kutoka shingoni hadi kitovuni, na mnyororo wa baiskeli umening'inia shingoni. Mama alikuwa ameketi kwenye mto wake, chai mkononi, mtoto mapajani.

Mama alijifunika uso kwa ile leso ya pili, vyote viwili, uso na chai. Kijana akageuka nyuma, akaona hana pa kwenda maana mimi nilikuwa nimeziba mlango, akachuchumaa nyuma ya sufuria kubwa na kujikinga kwa mfuniko wake. Mtoto ndiye pekee aliyefurahi. Alimjua baba yake, maana huwa nampitisha kwake mjini nikitoka kliniki. Alianza kumpigia makofi.

"Mulembe," ikasema sauti nyuma ya mfuniko.

"Mwambie asinisalimie," mama akaniambia.

Nikasogea, mama akapita kinyumenyume, akatoka. Niliposhika akili alikuwa ameshafika kwenye uwanja, anaelekea barabarani, mtoto begani. Nikamkimbilia.

"Mama, ngoja."

"Nimemwona kifua," akasema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na mama yangu si mtu wa kulia. "Nimemwona kifua, na cheni shingoni kama ng'ombe. Nitamwambia nini baba yako? Sasa wazee watakaa, itabidi tusafishwe kimila. Twende nyumbani."

"Bado sisi. Ni sisi tunapanda sasa."

"Basi baki uimbe. Mimi naenda."

"Na mtoto?"

Jibu lilikuwa wazi. Mtoto hangekaa bila mimi, na mimi singeimba bila mtu wa kukaa naye. Nyuma yetu, Likuyani walikuwa wamemaliza, na DJ alikuwa ameanza wimbo wa kujaza nafasi. Mpiga ngoma akaja mbio, fimbo zake mkononi, akatuangalia, akaelewa. Nitasema alisikitika. Uso wake ulionyesha hivyo. Lakini mdomo wake ulisema, "Pole sana, Kukhu. Nyinyi nendeni tu nyumbani mpumzike. Mimi nitaimba."

Alimwita mama Kukhu, yaani nyanya, kwa upole kabisa. Na alikuwa ameshayajua maneno ya wimbo wangu. Nilimsikia akiyafanyia mazoezi chini ya pumzi.

Ndipo hasira ikanipanda kweli. Haikuwa kwa ajili yake peke yake. Nilikuwa naangalia jinsi kila mtu alivyo mzuri. Mama ana heshima, kijana ana heshima, mpiga ngoma ana huruma, na hesabu yao wote ikijumlishwa, jibu ni mimi niende nyumbani. Kila mara. Shuleni nilipopata mimba baada ya mtihani walisema afadhali nisije kuchukua cheti siku ya wenzangu. Kanisani walisema nikae kiti cha nyuma. Sasa hapa.

Nikarudi jikoni. Alikuwa bado amechuchumaa nyuma ya sufuria.

"Toka," nikamwambia.

"Ameenda?"

"Hajaenda. Wewe ndiye unatoka. Vaa shati."

Akavaa shati. Alilivaa ndani nje. "Nitaenda wapi? Ni sisi tunapanda."

"Nje. Mama ataingia ukumbini, akae kwenye benchi kama watu, na mjukuu wake. Mimi nitapanda. Wewe huwezi kuwa ndani."

"Na gitaa?"

"Utalipigia nje."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa ubishi, nilikuwa na maneno tayari, mengine mabaya. Lakini alikuwa ameshikilia ule mfuniko bado, hajauweka chini, na akasema polepole, "Dirisha la upande wa migomba liko wazi. Shida ni waya. Wangu hautafika."

Nikampenda pale, ikabidi nijikumbushe kwamba bado nimemkasirikia.

DJ alikuwa na waya. Nilipanda hadi kwenye meza yake katikati ya wimbo na kumweleza sikioni. Nilidhani atacheka, na kweli alicheka, lakini mkono wake ulikuwa tayari chini ya meza, unavuta.

"Mimi jenereta huweka mbali huko shambani, ili marehemu alale vizuri," akasema. "Huu waya umezunguka boma kubwa kubwa. Mama mkwe ataketi wapi?"

"Benchi la ukutani, upande wa kushoto."

"Dirisha liko kulia. Safi. Mimi nimeona mambo matangani, dada yangu. Nimeona mkwe amekaa juu ya mti siku mbili." Akaongeza sauti ya spika. "Nenda. Huu wimbo nitaurefusha mpaka mkamilike. Hawa watu hawajui unaishia wapi."

Wale wa Likuyani walimwona akirukia dirishani kwenda kwenye migomba, asikutane na mama uwanjani, na sisi tukimpitishia waya, na mmoja wao akauliza kama mpiga gitaa wetu ana ugonjwa wa kuambukiza. Mpiga ngoma, ambaye alikuwa amesimama pale fimbo zikiwa zimening'inia, akamjibu, "Ni staili. Nyinyi huko Likuyani haijafika." Sikujua kama alikuwa upande wangu au anaficha aibu yake. Sikuwa na muda wa kumuuliza.

Kumrudisha mama ndiyo ilikuwa kazi. Nilimkuta kwenye geti.

"Hayumo ndani," nikamwambia. "Ametoka kwa dirisha. Kati yenu kuna ukuta, na wewe utampa mgongo."

"Ametoka kwa dirisha? Mtu mzima?"

"Kwa ajili yako."

Akafikiri juu ya hilo. Aliangalia jengo, akaangalia barabara. "Ameumia?"

"Hapana."

"Amevaa shati?"

"Amevaa."

Akaingia. Akaketi kwenye benchi la kushoto akitazama ukuta, mgongo kwa dirisha, leso kichwani, mtoto akichungulia begani mwake. Watu walidhani ni mama aliyekuja kuombea vijana.

Nikapanda jukwaani. Mpiga ngoma akahesabu, besi ikaingia, na gitaa likaanza kutoka kwenye spika, zuri, safi, bila mtu. Watu wakageuza shingo kutafuta. Halafu mmoja akamwona kwenye dirisha, kati ya migomba, ameinamia gitaa lake, shati ndani nje, na ukumbi mzima ukapiga mayowe ya furaha. Kweli wakadhani ni staili.

Nikaimba. Sitaeleza sana. Nilikuwa sijaimba kwa sauti tangu mimba, na sauti yangu ilikuwa imeshuka, imekuwa nzito, kama imeongezewa kitu chini. Ubeti wa kwanza ulitetemeka. Wa pili haukutetemeka. Kwenye kiitikio, pale msichana anapoambiwa angojee nje, niliwaona wasichana wawili mbele yangu wanayarudisha maneno, na walikuwa wameyasikia mara moja tu.

Ndipo mvua ikaja. Hapa mvua ya saa kumi haibishi hodi. Ilipiga mabati mara moja, yote, na sauti yangu ikamezwa. Na kabla sijajua nifanye nini, gitaa likakatika. DJ alikuwa ameruka kutoka mezani kwake, amechomoa waya. Nilimsikia akipiga kelele kuelekea dirishani, "Achana na hilo gitaa, lina umeme! Mimi sitaki kupiga matanga yako, nimechoka na matanga!"

Kwa hiyo tukabaki ngoma na besi na mimi. Mpiga ngoma akaniangalia. Ule ulikuwa wakati wake. Angeweza kusimamisha, hakuna ambaye angemlaumu. Nikamtolea macho. Akaendelea. Akapunguza mkono, akapiga kidogo kidogo, chini ya mvua, ili niweze kujisikia. DJ akanipa maikrofoni yake mwenyewe, ile ya matanga, ambayo inaweza kusikika mpaka kijiji cha pili, na watu wakasogea mbele wote, wakabanana jukwaani ili wasikie. Niliimba ubeti wa mwisho nikiwaona nywele na masikio. Nilimaliza wimbo wangu. Niliumaliza mimi.

Kulikuwa na makofi, au ilikuwa mvua, sijui. Kilichonifikia ni kilio. Mtoto alikuwa ameshikwa na ghadhabu, analia kuliko mabati, na maziwa yalikuwa yameshamjibu, gauni limelowa mbele. Mama alikuwa anakuja kupitia katikati ya watu, anawasukuma kwa kiwiko, bado ameligeuzia dirisha mgongo, kwa hiyo alikuwa anatembea upande upande kama kaa.

"Mchukue," akasema, akimwinua kwangu. "Amengoja vya kutosha." Halafu akaongeza, akiangalia mbao za jukwaa, "Na huyo mtoto wa watu, mtamwacha anyeshewe? Mwambie aingie jikoni. Mimi niko hapa, sitaenda huko. Mlango afunge."

Ujumbe ukapelekwa. Nikasikia mlango wa jikoni ukifungwa kwa adabu.

Sikushuka. Ningeshuka, ningekwenda wapi? Jikoni kulikuwa kumejaa mkwe. Nikaketi juu ya spika ya DJ, pale pale jukwaani, mbele ya Mumias na Likuyani na watu wote, nikafungua gauni langu, nikamnyonyesha. Akanyamaza kana kwamba amezimwa. DJ akarudi kwenye meza yake, akaangalia hali, akatafuta kwenye sanduku lake kitu cha polepole, na watu wakaanza kucheza.

Nilikuwa namngoja mpiga ngoma. Masharti yalikuwa yake, na nilikuwa na majibu ya kutosha. Alisimama nyuma ya ngoma zake akitutazama, mimi na mtoto, na unga wa kisiagi ulikuwa bado kwenye masikio yake. Akashika kile chuma chenye sahani ya shaba, akakivuta mbali kidogo na kichwa cha mtoto. Akajikuna.

"Unaofuata ni upi?" akaniuliza.

Nikamwambia angoje mtoto ashibe.